Mwalimu na Wageni wa Ibrahimu

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nasema uongo, ni mwaka uliofuata, maana ukumbi wa kanisa ulikuwa umeshapakwa rangi upya. Mwalimu wetu wa Biblia ndiye peke yake aliyesoma Kiebrania. Akisoma, kidole chake kilitembea kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi yale yaendavyo, hata mabenchi aliyapanga hivyo hivyo, na kabla ya kusema neno zito alifuta miwani kwa pindo la shati. Siku ya mdahalo wa Utatu pale ukumbini aliifuta mpaka nikavihurumia vioo. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyetuhama kwa kuukataa Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, alisimama: "Kaka, wewe unajua. Wale wageni watatu waliofika hemani kwa Ibrahimu ndio Mungu?" Mzee wa kanisa, aliyempa darasa la Biblia, akadakia: "Mjibu, Mwalimu, tukale. Ukiyumba, darasa huna." Watu wakacheka, Mwalimu hakucheka. Kidole kikarudia mstari uleule, jasho likadondokea ukurasa. "Utatu nauamini," akasema, kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji. "Lakini hapa siuoni. Naona wageni, na mwenyeji anayehangaika." Kwa neno la kwanza mdogo wake akatoka bila kuaga, kwa neno la pili mzee akanyoosha mkono, apewe funguo za darasa. Nilibaki kumsaidia Mwalimu kupanga mabenchi, tukianzia kulia. Nikamuuliza, na tangu hapo nimewauliza wengi: mwenyeji yule, alivyokuwa akikimbia huku na huku, alijua anamhudumia nani?