Mashamba ya Ngạn

Ukitaka kumjua Khoát, usihangaike na uso wake. Uso wake ni wa mwanamume yeyote wa Nam Định, kule Vietnam, aliyezeeka katika chumba chenye feni, kompyuta na moshi wa tumbaku. Mtazame mkono wa kushoto. Hata akiwa anakunywa chai ya barafu, hata akiwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani, kidole cha shahada kinagonga meza, kinatulia, kinagonga tena. Mkewe, Miên, huukamata mkono ule na kuubana chini ya wake, kama mtu anavyombana kuku sokoni.

"Acha kulima," humwambia. "Hapa tumekuja kula."

Naye huacha. Kisha husahau, akaanza tena.

Lakini hakuzaliwa mkulima, huyu. Mkulima alikuwa Ngạn.

Walikutana wakiwa vijana, enzi zile kompyuta zilipoingia mjini kwao na kila mwenye chumba cha mbele akaweka mashine kadhaa, akawauzia watu muda wa kucheza, kwa saa. Gemu ilikuwa Falme za Mito, ile ya kwanza kabisa. Mnacheza wanne kwa wanne, na kila mmoja ana kijiji chake chenye vijitu vidogo vinavyokata kuni, vinavyochimba dhahabu na kulima. Vikishashiba, unajenga jeshi, unavuka mto kwenda kumbomolea mwenzako. Sifa ni za wanaopigana. Ila kila timu nzuri ina mtu mmoja aliyekubali kukosa sifa. Huyo analima tu, na chakula anawatumia wenzake.

Mashamba ya gemu ile yalikuwa na uchokozi wake. Shamba likivunwa mara kadhaa linakufa, linageuka vumbi la kahawia, na kijitu chake kinasimama kando mikono mitupu kama mtu aliyefiwa. Hapo mkono wa kushoto lazima ukimbie kwenye kibodi, kitufe hiki kisha kile, shamba lipandwe upya. Na ukiwa na mashamba mengi, hakuna kupumua.

Ngạn alipumua. Aliweza kukusimulia mambo ya shangazi yake na bata wa jirani tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe ukichungulia kioo chake usione hata shamba moja la kahawia. Kiti chake kilikuwa kushoto kwa Khoát, na Khoát ndiye aliyekuwa mpiganaji.

"We Khoát, toka nje upigane," Ngạn alikuwa akisema. "Chakula kinaoza huku. Umejifungia ndani kama bibi harusi."

"Tuma kwanza. Tangu lini mkulima akahoji?"

"Mkulima akigoma, bwana, utawapikia askari wako mawe."

Hivyo ndivyo walivyopendana. Wanaume wa kule hawakwambii kwamba wanakupenda. Watakutukania kijeshi chako, halafu wakuwekee yai la pili kwenye tambi.

Khoát alipooa alifungua duka lake mwenyewe, akaweka mashine ukutani, na Miên akawa anapika tambi nyuma ya pazia. Kisha matoleo mapya yakaanza kuja. La pili likaja na meli kubwa zaidi. La tatu likaja na maji yanayometameta na milima iliyopakwa rangi. Kila mara Khoát alilijaribu kwa siku chache, akalifuta kwenye mashine zote.

"Pombe ile ile, chupa mpya," alisema. "Wamempaka poda bibi yule yule."

"Kila mara kuna kitu wamekigusa," alisema Ngạn. "Wewe hutazami."

"Haya, nitajie kimoja."

"La tatu, vijitu vikimaliza kuni vinajua njia ya kurudi nyumbani."

"Hata bata wangu wanajua njia ya kurudi nyumbani."

Duka zima likacheka, Ngạn naye akacheka. Kwenye mji ule hukuwa na haja ya hoja nyingine. Kila mwaka baada ya Tết, sikukuu yao ya mwaka mpya, wakati wa sherehe ya hekalu, watu wa mji walishindana na watu wa ng'ambo ya mto, na gemu ilikuwa ile ya kwanza tu. Aliyependekeza nyingine alitazamwa kama mtu aliyeleta supu ya pakiti kwenye karamu.

Maisha yakabana. Ngạn, ambaye hakuoa, akaenda Taiwan kufanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma, na kwa miaka kadhaa kiti cha kushoto kikakaliwa na huyu na yule. Aliporudi, alirudi na pipi za mananasi, koti zuri, na mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Mashine ya kukandamiza vyuma ilikuwa imechukua vidole vitatu.

Hakuna aliyeuliza. Khoát alipangusa kiti cha kushoto kwa kitambaa, akakivuta nyuma kidogo, akasema, "Kaa. Chakula kimekwisha tangu uondoke."

Ngạn akakaa. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mashamba yake yalikufa. Kwanza moja, kisha safu nzima, kahawia mtupu, na vijitu vimesimama kando yake bila kazi. Alijaribu kupanda kwa kidole gumba. Alijaribu kuachia kipanya na kuvusha mkono wa kulia, lakini akipanda hapa, kule kunakauka. Askari wa Khoát wakafia mtoni kwa njaa. Wenzao wawili wa timu walitazama vioo vyao na kutosema kitu, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Kwa kawaida mtu akicheza hivyo hutukanwa mpaka babu yake.

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Ngạn ni kama aliyewahi kuwasikia. Hakugombana na mkono wake. Alikwenda kutafuta koleo jingine.

Wiki chache kabla ya sherehe aliingia dukani akiwa na flashi. Siku hiyo watu wawili wa ng'ambo ya mto walikuwa wamekuja kupanga mashindano, wameketi kwenye vigoda vya plastiki wakibangua mbegu za alizeti.

"Khoát," alisema Ngạn, "wametoa la nne. Nimelicheza nyumbani. Safari hii kuna kitu."

"Maji yanang'aa zaidi?"

"Shamba likifa linajipanda lenyewe. Wewe unaweka kuni tu za kutosha, basi." Alisema hivyo akiangalia kibodi. "Nasema, tungelicheza hili. Hata kama si kwenye sherehe. Sisi kwa sisi tu."

Khoát alielewa. Nataka tuliweke wazi hilo, kwa sababu baadaye wapo waliomtetea kwamba hakuelewa. Alielewa kabla Ngạn hajamaliza kusema. Ila wale wawili wa ng'ambo walikuwa wameacha kubangua na wanamtazama, na alikuwa na maneno yake ya siku zote, yamekaa tayari kwenye ulimi kama mate.

"Gemu ya kulimiwa?" alisema. "Hapa kila mtu anajilimia, bwana. Anayetaka kulimiwa na mashine akakae na wazee wanaolishwa uji kwa kijiko."

Wale wageni wakacheka. Kisha mmoja wao akauona mfuko wa koti la Ngạn, akaacha kucheka, akamgusa mwenzake goti.

"Sawa," alisema Ngạn. Aliitia flashi mfukoni kwa mkono mzima. Akagusa mgongo wa kile kiti cha kushoto, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake anapomwacha kwa mnunuzi. "Basi tafuta mkulima mapema. Sherehe haiko mbali."

Akaaga mpaka wale wa ng'ambo, akaondoka.

Miên alitoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi. "Umemwambia nini Ngạn?"

"Tulikuwa tunazungumza habari za gemu."

"Gemu gani, Khoát?"

Khoát akageukia kioo chake. Mkulima hakupatikana, kwa hiyo mwaka ule alilima yeye mwenyewe. Alijifunza kwa shida, mkono ukimuuma mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo kidole kile kilipoanza kugonga meza. Wakashinda. Watu wakambeba, wakammwagia pombe ya mchele kichwani. Yeye akageuka kushoto kusema neno, akakutana na uso wa kijana aliyemjua kwa jina tu.

Ngạn alihamia Bình Dương, kusini, kwa dada yake Thoa anayeuza wali wa kunata asubuhi mbele ya viwanda. Kila Tết ilipokaribia Khoát alichukua simu, akatafuta jina, akalitazama. Akajiambia kwamba mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Akija nyumbani kwa sikukuu nitamwekea kiti, na yeye ataelewa. Ngạn hakuja. Tết nyingine ikaja, na nyingine tena, na kila mara duka lilikuwa na shughuli.

Aliyekuja mwishowe ni Thoa, akiwa ameleta maiti ya kaka yake izikwe kwao. Moyo wa Ngạn ulisimama akiwa anaosha pikipiki.

Kwenye msiba Khoát alichoma ubani, akainama, akashindwa kuinuka haraka. Thoa akamshika mkono.

"Kaka Khoát, alikuwa akikutaja kila siku," alisema.

"Alinitaja vipi?"

"Ile gemu yenu. Alikuwa akicheza peke yake jioni, na yule mshirika wa kompyuta alimwandika jina lako. Anamtumia chakula, halafu anamgombeza. 'We Khoát, toka nje upigane, umejifungia kama bibi harusi.' Majirani wakadhani tuna mgeni."

Khoát aliuliza ilikuwa gemu ipi, ya kwanza au ya nne, ingawa alijua.

"Mimi sizijui kaka. Ile ambayo aliweza."

Baada ya maziko, asubuhi moja kabla wateja hawajaja, aliliweka toleo la nne kwenye mashine ya kushoto. Miên alisimama nyuma yake akimenya vitunguu saumu. Miti ilikuwa ile ile. Vijitu viliitika kwa sauti ile ile. Mto ulipinda palepale, na adui alikuja kwa njia ileile. Kama ungemuuliza mbele ya watu, hata siku ile angekwambia ni pombe ile ile. Kisha shamba la kwanza likafikia mwisho wake. Kidole chake kikaruka kwenda kwenye kitufe, lakini kabla hakijafika, vumbi la kahawia likawa kijani na kijitu kikainama kuendelea na kazi.

"Ndilo hilo?" aliuliza Miên.

"Ndilo hilo."

"Ni hilo tu walilobadilisha?"

Khoát alikuwa ameziba uso kwa mkono wa kushoto. Miên akaenda kufunga mlango wa mbele, akageuza kibao kisomeke kwamba duka limefungwa.

Kumbukumbu ya mwaka wa kwanza wa kifo ilipokaribia, alikwenda kwa bibi Xuyến anayetengeneza vitu vya karatasi vinavyochomwa ili viwafikie marehemu. Bibi Xuyến hutengeneza nyumba, pikipiki, simu, chochote mtu wako anachokihitaji huko aliko. Khoát alitaka kompyuta.

"Kwenye kioo nichore nini?"

Akamwonyesha kwenye simu picha mbili, toleo la kwanza na la nne.

Bibi Xuyến akasogeza miwani. "Zote ni vijitu na mashamba. Zina tofauti gani?"

"Hii, bibi. Hii ya pili. Na mashamba yote yawe kijani. Usiweke la kahawia hata moja."

"Haya."

"Na tengeneza kompyuta mbili. Ziungwe kwa waya, hivi, zikae pamoja."

"Ya pili ya marehemu gani?"

Khoát akairudisha simu mfukoni. Bibi Xuyến alimtazama, akaweka mkasi chini.

"Mwanangu, chako wewe sikitengenezi. Kitu cha aliye hai hakichomwi. Utamwita akufuate? Zamu yako itafika, hutahitaji kuiagiza."

"Basi niwekee waya tu."

"Waya uende wapi?"

"Uning'inie tu, bibi."

Akamwekea uzi wa kijivu, mrefu.

Siku yenyewe Thoa alipanga matunda na wali wa kunata, ubani ukawashwa, na karatasi zikawekwa kwenye sufuria kuukuu uani. Kompyuta ilishika moto upande wa kibodi kwanza. Kisha kioo kikajikunja, na mashamba yale ya kijani yakageuka kahawia, yote kwa pamoja, safu kwa safu. Khoát alikuwa amechuchumaa upande wa kulia, ameshika ncha ya ule uzi.

"Achia kaka, utaungua," alisema Thoa.

Moto ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye uzi, mdogo, wa taratibu, ukimjia. Aliushika mpaka ulipofika kidoleni, kile cha shahada, cha kushoto. Ndipo akaachia.