Kikombe Nilichomwachia Mama

Nilienda Tibet na kiburi cha mtu wa Kaptagat, huku juu karibu na Eldoret. Wageni niliokuwa nikiwatembeza kwa baiskeli kwenye msitu wetu walinialika tukapande milima ya huko pamoja, nami nikajiambia mlima ni mlima, tena nimezaliwa mahali wakimbiaji huja kutafuta hewa nyembamba. Nilitangaza safari mpaka kanisani.

Mama hakutaka niende. Asubuhi ya kuondoka alinipikia chai ya maziwa, akaiweka mbele yangu, akasema, "Miaka arobaini na moja, na bado unacheza na baiskeli. Ukifia huko nani atanirudishia mwili?" Nikapandwa na hasira. Nikasimama, nikaacha kikombe kimejaa, nikatoka. Kwetu, kumwachia mama chai yake hivyo ni matusi. Nilijua, na nilifanya makusudi. Tangu siku hiyo hakupokea simu yangu hata moja.

Siku ya tatu kule, kiburi kiliniishia. Nilikuwa nasukuma baiskeli kama mkokoteni wa viazi, kichwa kinanigonga, na yaki, ng'ombe wao wa manyoya marefu, wananipita bila hata kuharakisha. Wenzangu walikuwa mbele huko. Mwongozaji wetu, Mtibeti wa rika langu, alinionea huruma akaniingiza kwa shangazi yake nikapumzike.

Huyo mama mzee alinimiminia chai kwenye bakuli la mbao. Ilikuwa na chumvi na siagi ya yaki, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa sukari. Lakini si nimelelewa? Nikainywa yote, nikamwonyesha bakuli tupu nikitabasamu. Akajaza. Nikamaliza tena, maana ukiacha utasemaje. Akajaza. Tuliheshimiana hivyo, yeye na mimi, na aliyeumia ni tumbo langu. Kufikia bakuli la saba nilikuwa nimeanza kuuliza choo kiko wapi, ndipo mwongozaji akacheka mpaka akakaa chini.

"Hapa bakuli likiwa tupu, mwenyeji anajaza," akaniambia. "Ukitosheka, liache tu limejaa. Hakuna atakayekasirika."

Angeniambia mapema, nisingekuwa nimevimba hivyo.

Tulipoaga, shangazi akajaza tena. Nikaona basi, leo ndio leo, nikalinyanyua ninywe. Mwongozaji akanishika mkono. "Onja kidogo uliweke. Mtu akisafiri anaachiwa bakuli limejaa, ili arudi salama. Shangazi hatalimwaga leo." Mama mzee akalisogeza katikati ya meza polepole, lisimwagike hata tone, akaniangalia kama mtu wake.

Nililia. Mtu mzima, na kofia ya baiskeli kichwani. Nikawaambia ni moshi wa jiko, na jiko lenyewe lilikuwa limezimika.

Kilele cha barabara sikukifikia kwa baiskeli. Nilikifikia ndani ya gari la mizigo, nimekumbatia mabegi ya wenzangu.

Niliporudi Eldoret sikupitia kwangu, nilienda moja kwa moja kwa Mama. Nilimkuta akichagua maharagwe. Hakuniuliza safari. Alinimiminia chai, akarudi kwenye ungo wake. Nikaanza kumweleza habari ya lile bakuli, haraka haraka, kama wakili aliyepata ushahidi. "Kwa hivyo, Mama, siku ile hatukukosana. Ile chai ilikuwa ya kunirudisha."

Hakuinua macho. Alitoa jiwe moja, akalitupa.

"Ilikaa hapo mezani siku mbili," akasema. "Mpaka ikashika utando. Sikuweza kuimwaga."

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama."

"Maliza hiyo," akasema, akinisogezea kikombe. "Huendi mahali."

Nikaimaliza.