Daktari wa kupunguza tumbo tulimchunguza kama mkwe, yaliyonikuta nawaachia hapa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa zangu shikamooni.

Humu ni msomaji wa siku nyingi, kuchangia ni mara chache. Leo naandika kwa sababu nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja. Yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Atakayesema hii ni chai aendelee na vitafunwa vyake, mimi kovu ninalo.

Ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Biolojia (mtacheka baadaye), naishi Bakoba hapa Bukoba mjini. Kwetu kwa kuzaliwa ni Muleba, kwenye migomba huko. Nina mume, nitamwita Baba Kemi, na watoto wawili.

Wa tatu nilimzaa akiwa amefariki.

Yule mtoto tulimzika, tumbo likabaki. Sio kitambi. Ni tumbo la mimba kabisa, limesimama mbele, na mimba hakuna.

Sasa fikiria unaishi mji mdogo ambao kila mtu anakujua. Sokoni: "Hongera mwalimu, Mungu amekukumbuka." Ofisi ya walimu: "Wa ngapi huyo?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Baadaye nikawa naitikia "asante" na kupita. Kuna mama mmoja kanisani alinishika tumbo akaliombea mtoto azaliwe salama. Nilisimama pale nikamwacha amalize.

Kwa hiyo wale wa "ungejikubali ulivyo", nimewasikia kabla hamjaandika. Sikuwa nataka kiuno cha mitandaoni. Nilitaka watu waache kunipa hongera.

Mazoezi nilifanya. Mikanda ya kubana nilivaa mpaka nikapata vipele. Ndipo nikaanza kusoma habari za tummy tuck, upasuaji wa kupunguza tumbo, na page ya huyu daktari ikaja mbele yangu.

Ana kliniki Dar. Wafuasi kibao, picha za kabla na baada, lugha tamu. Na ni Mhaya, mtu wa Muleba. Mwisho wa mwaka anarudi nyumbani kama sisi wote, na akiwa huku anafanyia watu upasuaji kwenye kituo kimoja binafsi kinachomkodishia chumba. Jina lake sitaji, kituo sitaji, na bei pia sitaji maana mtaacha mada mbishane bei. DM msinifuate.

Wasio wa huku hapa inabidi niwaeleze kidogo.

Kwetu binti akileta mchumba, swali la kwanza sio kazi gani. Ni wa ukoo gani, kijiji gani, mama yake katoka kwa nani. Anatumwa mtu kwenda kuulizia kimya kimya. Kwenye familia yetu kazi hiyo ni ya shangazi yangu, dada wa baba, Ma Paskazia. Ameshavunja uchumba wa watu kwa ripoti zake.

Nilipomwambia Baba Kemi nataka kufanyiwa, alisema sawa, ila huyo daktari tumjue kwanza. Nilifurahi, nikaona nimepata mume makini.

Sasa kumjua kwenyewe ndiko huku: Ma Paskazia alipanda gari mpaka Kamachumu, huko Muleba, kijijini kwao daktari.

Akalala huko. Aliporudi tulikaa sebuleni wote, na kaka zangu wawili wakaja kusikiliza.

"Ni watu, waitu," alituambia, kwa ile waitu yetu ya upole na heshima. "Kibanja kimepaliwa, migomba haina mnyauko. Bibi yake alikuwa mtu wa kanisa. Hawana kesi na jirani. Mama yake kanifungia kahawa ya kutafuna na mkungu nije nao."

"Na kijana mwenyewe?" Baba Kemi akauliza.

"Ana heshima. Akija likizo anapita nyumba kwa nyumba kuamkia wazee. Halafu ni wa ukoo wetu. Huyo ni mtoto wenu kabisa."

Basi, mjadala ukaishia hapo. Kaka yangu mkubwa akasema sasa roho yake imetulia. Sebule nzima ya watu waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kisu alijifunzia wapi.

Na kila alichosema Ma Paskazia kilikuwa kweli tupu, wakuu. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Ningekuwa nimetapeliwa ningekuwa na wa kumlaani.

Siku ya kumwona daktari nilikwenda na maswali yangu kichwani. Umesomea wapi upasuaji huu? Umeshawafanyia wangapi? Nikipata shida wewe umerudi Dar, nani atanitibu? Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili.

Akaingia, kijana nadhifu, akanipa mikono yote miwili huku ameinama.

"Mama kaniambia habari zenu," akasema kwa Kihaya. "Kumbe wewe ni ishenkazi wangu."

Ishenkazi ni shangazi. Kwa hesabu ya ukoo baba yake ni kaka yangu, kwa hiyo hakukosea. Akaniuliza habari za wazee, za mvua, za kahawa mwaka huu. Maswali yangu sikuuliza hata moja. Nimwambie nini? Mwanangu, lete vyeti nivione? Ningeonekana sina adabu, na habari ingefika Kamachumu kabla mimi sijafika nyumbani.

Akanipima presha, akachukua damu, akanichora tumbo kwa kalamu. "Hii ni ndogo, ishenkazi. Utarudi darasani kama msichana."

Nikasaini.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala. Nilipoamka nikapeleka mkono tumboni kwa juu ya bandeji, nikakuta pako bapa. Nililia kwa furaha. Hilo nalisema pia ili nisionekane naficha. Siku zile za mwanzo nilikuwa mtu mwenye raha kuliko mtu yeyote Bukoba.

Likizo yake ikaisha, akarudi Dar. Kidonda nikaachiwa mimi na nesi wa kile kituo, binti mzuri tu, lakini anafuata alichoambiwa.

Homa ikaanza. Kisha upande wa kulia ukawa unatoa majimaji, kisha harufu. Nikapiga picha nikamtumia.

"Ni kawaida ishenkazi, endelea na dawa."

Mshono ukaachia kidogo, nikatuma tena. Kawaida. Nikatuma voice note nalia. Kawaida, usiwe na wasiwasi. Baadaye zikawa tiki mbili za bluu bila jibu, na mwisho tiki moja tu.

Baba Kemi ndiye aliyesema inatosha. Alinibeba mpaka kwenye gari akanipeleka hospitali.

Pale nilikuta daktari bingwa wa upasuaji, mzee wa makamo mwenye asili ya pwani, mpole. Hakuniuliza wa kwa nani wala wa wapi. Walinisafisha, wakafungua usaha, nikalazwa. Nikisema niliogopa kufa sizidishi. Nilikuwa nawaza watoto wangu wawili watakavyoambiwa mama alikufa kwa sababu ya tumbo.

Hali ilipotulia alikuja akavuta kiti.

"Mwalimu, kwenye familia yenu mtu akijikata, kovu lake hukaaje?"

Nikamkumbuka baba yangu na mguu aliojikata kwa jembe, kovu limenyanyuka nene kama kidole. Nikamkumbuka Ma Paskazia, ambaye masikio yake yalivimba vinundu alipotobolewa akiwa msichana na hajawahi kuvaa hereni tena. Nikavuta mkono wa gauni nikamwonyesha bega langu mwenyewe, pale pa chanjo ya utotoni palipotuna.

Akaliangalia, akashusha pumzi. "Hili swali hutangulia kisu. Hukuulizwa?"

Sikuulizwa. Na mimi Biolojia nafundisha, mada ya ngozi naipitia kila mwaka, wala sikulifikiria. Maswali ya familia tuliyauliza mengi sana, tena kwa nauli, ila tuliyapeleka Kamachumu. Yalitakiwa kuulizwa kwangu, pale pale kitandani.

Akaniambia na la pili. Tumbo langu lilikuwa limesimama kwa sababu misuli ya katikati iliachana wakati wa mimba. Yule kijana alikata ngozi na mafuta, misuli hakuigusa. Kwa hiyo hata lile bapa nililolilia halikuwa la kudumu.

Tulipotoka, Baba Kemi akafanya kitu ambacho kilitakiwa kufanywa mwanzoni. Akaulizia jina lake kwenye baraza la madaktari. Jina lipo. Ni daktari kweli, daktari wa kawaida. Ubingwa wa upasuaji hana, wa aina yoyote. Urembo alijifunza kwenye kozi fupi fupi.

Kovu likaota. Linatoka nyonga hii mpaka nyonga ile, limetuna kama kamba ya katani. Linawasha, jua likiwa kali linachoma. Sketi yenye mkanda sivai. Nachomwa sindano ndani ya kovu lenyewe kulilainisha, na wanaolijua hilo wanajua maumivu yake. Nimeambiwa kulikata bila mpango kunaweza kuleta kubwa zaidi.

Mwezi mmoja baada ya kutoka hospitali walikuja wageni. Mama yake na baba yake mdogo, kutoka Kamachumu. Mkungu wa ndizi, kahawa, na nyuso za msiba.

Yule mama alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. "Mwanetu amekosa," akasema. "Lakini ni wenu. Mkimshtaki mnamshtaki mtoto wenu. Tutawaangaliaje Krismasi?"

Kaka zangu wakatazama chini. Ma Paskazia akatazama chini zaidi. Kahawa ikazungushwa kwenye kikapu ikafika kwangu, nikachukua punje, nikatafuna. Nilikuwa nimechoka, wakuu, hata kukataa punje ya kahawa kunataka nguvu. Kwetu kutafuna kahawa pamoja ni kupatana, wao wakahesabu yameisha.

Nami nikakaa kimya muda mrefu.

Kabla sijamaliza, kwa anayefikiria kufanya: sikukatazi. Kuna wanaofanyiwa wakapona vizuri. Ila mwulize usoni, yeye ni bingwa wa nini, halafu usiishie kwenye jibu lake, thibitisha barazani. Picha za kwenye page zinapigwa mapema, wewe omba kuona kovu la mtu wa ngozi kama yako baada ya mwaka. Mwambie habari za makovu ya ukoo wenu hata kama hajauliza, na kama hakuuliza, hiyo peke yake ichukulie kama jibu. Uliza nani atakulaza usingizi, na mambo yakiharibika unakimbizwa hospitali gani. Daktari mwenye tiketi ya kurudi Dar wiki hiyo hiyo, mwache aende na kisu chake. Na kabla ya yote pata mtu wa pili wa kukuangalia. Mimi ningepata wa pili angeniambia habari ya misuli mapema, na huenda ningeanzia kwa mtu wa mazoezi tiba nisifike huku.

Na ukijisikia aibu kuuliza, ujue hapo ndipo pa kuuliza zaidi.

Sasa kilichonifanya niandike. Juzi kanipigia mwanamke nisiyemjua, kutoka Muleba. Sauti ya mtu mwenye adabu.

"Mwalimu, samahani waitu. Nasikia yule daktari ni wa kwenu, na wewe alikufanyia. Mimi nimepangiwa Desemba hii. Nilitaka kukuulizia, ni mtu mzuri?"

Ni kama nilivyotuma mtu Kamachumu, sasa mimi ndiye Kamachumu.

"Ni mtu mzuri," nikamwambia. "Kwao ni watu wazuri sana. Usimpe tumbo lako."

Nikamweleza yote, kovu, usaha, tiki za bluu. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia aende amuulize ubingwa wake, uso kwa uso.

Akauliza taratibu, "Nitamuulizaje, waitu, na yeye ananiita shangazi?"

Nikaomba nimpigie baadaye. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikaja kumpigia. Nikamwambia basi asimuulize, asiende tu.

Kesho yake nikaandika malalamiko barazani, na picha zote nikaambatanisha, kuanzia ile ya kwanza aliyoniambia ni kawaida. Baba Kemi alisoma akasema tuma. Nikatuma.

Habari imeshafika kijijini. Kaka yangu mkubwa kanitumia meseji kwamba nimeivua nguo familia. Ma Paskazia, ambaye alikuwa hapiti Bakoba bila kunywa chai kwangu, sasa anapita. Mama wa daktari alipiga mara moja, sikupokea, maana sina cha kumwambia ambacho hakitamuumiza na hajanikosea kitu.

Yule mwanamke wa Muleba jana kaniandikia maneno machache. Ameahirisha.

Matusi na ushauri vyote karibuni, nitasoma. Ila wale mliopita kwa madaktari wa likizo mkanyamaza kwa sababu ni watu wa kwenu, andikeni hapa, hata bila kumtaja mtu. Majibu yangu yatachelewa, mnivumilie. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili unakuna.