Sura ya Saba ya Mama Mkwe

Kazi ya kuhakiki vitabu niliianza kwa hasira. Nilikuwa nafundisha sekondari hapa Tarime, na Jumamosi moja redio yetu ya mtaani ikamwalika bwana mmoja aisifie riwaya. Ala! Kwa jinsi alivyobabaika, mtoto mdogo angejua kwamba hajavuka jalada. Nikapanda pikipiki mpaka studio, nikawaambia wanipe mimi hicho kipindi, niwaonyeshe kitabu kinasomwaje. Wakacheka, wakanipa.

Kila wiki nilichanganya vitabu vitatu kama mtu anayepika kande: riwaya, kumbukumbu za maisha ya mtu, na kitabu cha watoto. Kijana mmoja wa mjini aliniletea riwaya ya machimbo ya Nyangoto. Shujaa wake anashuka kwenye shimo la dhahabu na raba nyeupe, anapanda nazo nyeupe vilevile. Nikasema hewani, "Huyu ndugu yetu Nyangoto ameiona kwenye simu." Wazee wastaafu walileta kumbukumbu zao. Wote walizaliwa maskini, wote walichunga ng'ombe, na hakuna aliyewahi kukosea. Mmoja nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Kurasa mia mbili na hujakosea hata Jumatatu moja?" Alinuna miezi sita, na mke wake ndiye aliyeniletea salamu za pongezi.

Vitabu vya watoto nilivipeleka kwa wenyewe. Kimoja nilikisoma darasani Ringwani, kina tembo aliyevaa suruali anayewaalika watoto kunywa chai. Binti mmoja wa darasa la pili akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyo tembo akimaliza chai, anakwenda kula mahindi ya nani?" Darasa zima likaangua kicheko, maana kule tembo akiingia shambani usiku mmoja, mwaka wa mtu umekwisha. Uhakiki wangu wiki hiyo ulikuwa swali lile tu, na sikuongeza neno.

Watu walinipenda kwa ulimi huo, na mimi nilijipenda zaidi. Sokoni wauza ndizi waliniita, "Mura, kijana wetu, leo umemchinja nani?" Nikajibu, "Bado nanoa." Nasimulia haya kwa kujisuta. Wakati ule nilidhani ukali ni sawasawa na ukweli.

Mama mkwe wangu alikuwa akinisikiliza kila Jumamosi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, anaishi peke yake Nyangoto. Niseme wazi kwa asiyetujua: kwetu Wakurya, mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja. Ukimwona njiani unampisha, unamsalimu kwa mbali ukiangalia chini, na chumbani kwake huingii hata paa likianguka. Si chuki, ni heshima, na mimi na yeye tuliishika barabara. Miaka yote ya ndoa yangu, kila alichotaka kuniambia kilipita mdomoni mwa mke wangu.

Basi siku moja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na kaunta buku nne zimefungwa kwenye kitenge. "Mama ameandika maisha yake," akasema. "Mimi amenikataza kufungua. Amesema kwanza usome wewe, kwa sababu wewe humwonei mtu haya."

Ndani kulikuwa na karatasi, mwandiko wa ubaoni, umenyooka. Nimeishika kichwani mpaka leo. "Mkwe, usinisifu. Nimechoka kusifiwa. Sura ya saba nakuomba uisome mara mbili, kisha uniambie ukweli: niwape watu waisome, au nife nayo?"

Jioni ile nilikaa nikafungua daftari la kwanza. Ukurasa wa pili tu, mama mkwe wangu yuko kwenye uchungu wa kujifungua, anaeleza mwili wake na damu yake kama anavyoeleza mwalimu, bila kupaka rangi. Mungu wangu! Nikalifunga haraka, masikio yanawaka. Nilijiona kama nimesukuma mlango nikamkuta anaoga. Nikajiambia: hapana, haya mambo si ya mkwe kuyasoma.

Ningekuwa muungwana ningerudisha madaftari kesho yake na kusema hivyo hivyo: Mama, nimeshindwa, haya yamenizidi, mtafute mwingine. Angeelewa. Angetafuta mwalimu mwenzake, au mama mchungaji. Lakini mimi, mhakiki mkubwa, nitasemaje kwamba kuna kitabu nimeshindwa kukisoma? Tena kulikuwa na rundo la vitabu vya Jumamosi vinanisubiri. Kuona haya kulikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa uvivu na majivuno, na nikavifunika vyote kwa mila.

Nilifunua hapa na pale, nikasoma vichwa vya sura. Kwenye sura ya saba nilisoma mistari minne ya mwanzo. Ilikuwa Disemba, ndugu wamevuka mpaka kuja, kuna nyama na ngoma. Mtu yeyote wa kwetu anajua ngoma za Disemba za miaka ile zililia kwa ajili gani. Ulikuwa msimu wa tohara, wavulana na wasichana. Wavulana walitahiriwa, wasichana walikeketwa, na si wote waliorudi kucheza na wenzao. Mimi nilijua. Nikachagua kuona sikukuu.

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Lugha fasaha. Mafunzo tele kwa jamii. Kila nyumba iwe na nakala. Na chini kabisa, kwa sababu aliuliza, nikaandika: "Sura ya saba imenichangamsha kuliko zote. Shamrashamra zake zinamrudisha msomaji utotoni. Usiipunguze hata neno." Nikampa mke wangu bahasha na madaftari, nikalala usingizi mzuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Mke wangu alilitoa huku anamenya viazi. "Mama anasema ahsante. Anasema amekuelewa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ulimwandikia nini? Alisoma mara moja, akaikunja, akaenda kulisha kuku."

Nikasema nilimsifu. Mke wangu akafurahi, na mimi nikafurahi kwamba amefurahi. Kuhusu kuchapisha, mama mkwe hakugusia tena. Nilipouliza kupitia kwa mke wangu, alijibu kwamba macho yanamsumbua, atazame kuku wake kwanza. Sikuuliza mara ya pili. Ningejuaje, mtasema. Nilijua. Mtu aliyefundisha watoto miaka thelathini anashindwaje kumtambua mwanafunzi ambaye hakusoma kitabu akajibu swali? Alinishika papo hapo. Na hakunichongea, si kwa binti yake, si kwa mtu yeyote. Alinisitiri mkwewe.

Amefariki mwaka huu, baada ya mvua za masika. Tulimzika Nyangoto. Nilisimama mbali na kaburi kama inavyonipasa, na watu waliokuja kunipa pole walinong'ona kwamba marehemu alikuwa hakosi kipindi changu.

Wiki mbili baadaye mke wangu alikuja na vitu vya mama yake, kile kitenge cha madaftari kikiwemo. Mchana huo tulikuwa wawili tu mezani. Akafungua madaftari, sasa ana ruhusa, akaanza kufunua polepole anatabasamu, akasoma sentensi moja moja kwa sauti. Haki ya Mungu, yalikuwa maandishi mazuri. Yalikuwa makali, ya kuchekesha, hayana hata tone la kujipendelea. Katika miaka yangu yote ya redio hakuna kumbukumbu iliyofika magotini kwake. Mara mke wangu akalisogeza daftari karibu na macho.

Sura ya saba haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, imenyooka kabisa, vimebaki vipande vyembamba karibu na uzi. Sura ya sita inaisha, ya nane inaanza.

Mke wangu alipitisha kidole kwenye vile vipande mara kadhaa. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulitamka. Alikuwa na dada. Dada huyo alipelekwa na shangazi zao katika msimu mmoja wa Disemba, mke wangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hakurudi. Nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kumtaja. Siku za mwisho za mama yake, mke wangu alimwuliza mgonjwa ana kwa ana, akajibiwa, "Yote niliyaandika, sura ya saba."

"Ameikata," mke wangu akasema. "Lakini wewe uliisoma, baba watoto. Wewe peke yako duniani. Niambie. Alikuwaje dada yangu? Aliitwa nani?"

Nilitafuta uongo. Ulikuwepo, tena mwepesi: ningemtungia dada mpole, mwimbaji, aliyependa wadogo zake. Nimesoma riwaya za kutosha kujua jinsi anavyoumbwa mtu. Midomo ikakataa.

"Sikuisoma," nikasema.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Hata kidogo?"

"Mistari minne."

Akavuta kiti, akakaa sawasawa, akaweka mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kusomewa. "Nipe hiyo minne."

Nikampa. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri. Ndugu walivuka kutoka upande wa Kenya na kilo za sukari na vitambaa. Tukachinja ng'ombe. Ngoma zikaanza Ijumaa.

"Endelea," mke wangu akasema.