Machozi ya Dirisha Namba Tatu

Pale ofisini alikuwa akiitwa Jiwe, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alikuwa karani wa vyeti vya vifo, dirisha namba tatu, mwaka wake wa kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona uso wake ukibadilika. Wafiwa walikuja wamevimba macho, sauti zimewakauka, naye aliwauliza jina la marehemu, kazi yake na tarehe aliyofariki kwa sauti ileile ambayo watu wengine huulizia bei ya misumari. Hakuwa mkorofi. Hakumfokea mtu, wala hakumwambia mtu "njoo kesho" kama kesho haikuwa lazima. Ila machozi, hapana. Hata mama yake mzazi alipofariki, ndugu zake walilia mpaka wakashikiliwa, yeye akawa anahesabu viti na kuuliza kama maji ya kunywa yanatosha. Dada yake mkubwa hajamsamehe mpaka leo.

Mwenyewe akisimulia habari hii, huanzia hapohapo kwenye viti. "Siku Mungu anagawa machozi," husema, "mimi nilikuwa nimetumwa dukani." Watu hucheka, naye huwaacha wacheke kwanza.

Kisha ikaletwa kompyuta. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameandika kwa kalamu kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu, mwandiko umesimama wima, hana mpinzani. Hii mashine hakuiamini hata chembe. Aliona kwamba akifumba macho kidogo tu, kile kimstari kinachowakawaka kitahama mahali pake na kumuua mtu asiyehusika. Basi akawa anaikodolea tangu asubuhi mpaka jioni bila kupepesa. Dirisha la nje lilikuwa nyuma ya kiti chake, mwanga wake wote ukitua kwenye kioo cha kompyuta, ikambidi ainame mpaka pua ikaribie kugusa jina la marehemu. Feni nayo ilimpuliza usoni. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Namna ya kuzikuza ilikuwapo, na Mama Mihuri, karani wa dirisha namba nne aliyekaa ubavuni mwake, aliijua vizuri. Lakini kumwuliza Mama Mihuri jambo lolote ilikuwa ni kujitafutia kuchekwa mwezi mzima.

Ikifika saa nne macho yalianza kuwasha kama yametiwa mchanga. Saa tano yakawa mekundu. Saa sita yalimwagika yenyewe, mpaka kwenye kola ya shati, na jioni alirudi nyumbani kichwa kinamgonga.

"Baba Watoto, nenda kapimwe macho," mkewe alimwambia.

"Ni vumbi tu."

"Vumbi gani linalokufuata mpaka chumbani?"

Mke akamnunulia matone ya macho, naye akayapeleka ofisini, akayatia kwenye droo, yakakaa humo.

Sasa siku moja, kwenye saa sita hivi, mjane mmoja alikaa mbele ya dirisha lake. Alikuwa mama mtu mzima, mnyamavu, mkoba mweusi umelala magotini, na alikuja peke yake. Jiwe akaanza shairi lake la kila siku.

"Jina la marehemu?"

Mjane akalitaja.

"Uhusiano?"

"Mume wangu."

"Kazi yake?"

"Fundi. Alikuwa anachomelea mageti."

Jiwe akachapa. Akachukua karatasi ya hospitali anakili tarehe, akaisogeza puani, akaigeuzia kwenye mwanga, akarudi kwenye kompyuta, na hapo ndipo bomba lilipofunguka. Machozi yakateremka mashavu yote mawili na moja likadondoka juu ya karatasi ya watu. Alipoinua uso, mjane alikuwa anamwangalia. Mama yule alifungua mkoba, akatoa kitambaa cha mkono kilichokunjwa vizuri, akapitisha mkono dirishani, akamfuta yeye mwenyewe, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi, inatosha."

Mtu mwenye akili zake angesema hapo, "Samahani mama, ni kompyuta." Maneno manne tu. Hayakumtoka. Watu wapatao ishirini kwenye foleni walikuwa wameona kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe walikuwa wanamtazama kwa upendo. Akasema, "Pole sana, mama," akavuta kamasi, akaendelea kuchapa bila kuona anachokichapa.

Habari zikaenea. Kabla wiki haijaisha, foleni ya dirisha namba nne ilikuwa imehamia namba tatu. Wenye kujua mambo walichelewa makusudi na kufika saa sita, maana asubuhi, walisema, huruma yake inakuwa bado haijapanda. Jiwe akawa Bwana Huruma. Mkuu wa ofisi akabandika picha yake ukutani karibu na mlango, tena akamwagiza aandae mazungumzo ya kuwafundisha makarani wenzake namna ya kumhudumia mfiwa kwa moyo. Mama Mihuri alipiga muhuri wake kwa nguvu kuliko kawaida mchana kutwa.

Tusimfiche, alivishwa kilemba cha ukoka naye akainamisha kichwa kitoshe vizuri. Matone ya macho hakuyagusa tena hata kwa kidole. Akimwona mfiwa anakaribia, alikuwa akiikodolea kompyuta zaidi, anabana pumzi, anasubiri macho yajae, ndipo anageuka na kusema, "Karibu, pole." Sehemu hii ya hadithi huisimulia kwa sauti ya chini. Husema kwamba amewahi kuona watu wanaiba vitu vingi ofisini, karatasi, kalamu, hata pazia, lakini anayeiba pole za wafiwa alimjua mmoja tu, na walikuwa wakikutana kwenye kioo kila asubuhi akinyoa ndevu.

Dada yake mkubwa akapiga simu.

"Mdogo wangu, nasikia siku hizi unalia kazini."

"Kidogo."

"Mama yetu mzazi hukumlilia. Sasa unawalilia watu wa foleni?"

Dada akakata simu. Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, alisema kitu rahisi kabisa: "Mpigie umwambie ni macho." Jiwe akasema atampigia. Hakumpigia. Akimwambia dada yake ukweli, basi itakuwa hajawahi kumlilia mtu yeyote tangu azaliwe, na jambo hilo lilimwuma kuliko alivyotegemea.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa pili tangu siku ile ya kitambaa, mjane wa yule fundi akarudi na cheti mkononi.

"Mwanangu, hebu nisaidie hapa," alisema. "Mume wangu alifariki tarehe tatu, tukamzika tarehe nne. Cheti hiki kinasema amekufa tarehe nane. Nimekwenda nacho mara tatu kwenye ofisi ya nyumba kubadili hati, mara tatu wamenirudisha. Wananiuliza tarehe nne tulimzika nani. Kijana mmoja akaniuliza kama tulimzika akiwa hai."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Jiwe akakitwaa cheti, akakileta puani, akakipeleka mbali mpaka mkono ukanyooka. Pale penye tarehe aliona kidudu cheusi kimejikunja. Ilimlazimu afanye lile jambo aliloliogopa kuliko mauti.

"Mama Mihuri, hebu nisomee hapa."

Mama Mihuri aliinama mara moja tu. "Hapa nane. Kwenye karatasi ya hospitali, tatu. Tena tatu kubwa, hata kuku angeiona."

Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mwanamke huyu alimpa kitambaa chake, naye akamlipa kwa kumfanya asimame mbele ya vijana na kueleza kwamba hakumzika mumewe akiwa hai. Cheti kipya kilihitaji sahihi ya mkuu, kwa hiyo akamwomba arudi baada ya wiki moja. Mjane akaitikia, akaondoka polepole.

Jioni ileile Jiwe akaenda kwa mpima macho, binti mmoja aliyevaa koti jeupe na asiyepoteza muda.

"Unapofanya kazi kwenye kompyuta, unapepesa?"

"Nini?"

"Macho. Unayapepesa?"

Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaulizwa kama anajua kupepesa. Alifikiri kwa makini, akaona kwamba kwa kweli hapepesi. Binti akamweleza kwamba macho yake yanakauka kwa kukodoa na kwa ile feni, kisha yanamwaga machozi kujitetea, na kwamba tangu avuke miaka arobaini alihitaji miwani ya kusomea lakini akaamua kushindana na umri. Akamwandikia miwani. Akamwambia ageuze meza mwanga usitue kwenye kioo, azime feni ama aihamishe, akuze herufi, atumie matone, na kila baada ya dakika ishirini atazame kitu kilicho mbali.

Akafanya yote. Mama Mihuri alimkuzia herufi, akacheka si mwezi mmoja bali miwili. Akapepesa kwa bidii ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Macho yakatulia, kichwa kikaacha kugonga, tatu ikawa tatu na nane ikawa nane. Na machozi yakakatika. Siku ya tatu mzee mmoja aliyesubiri mpaka saa sita alimtazama, akamtazama tena, akauliza, "Leo hulii?"

"Nimepona, mzee."

"Ahaa," alisema mzee, kwa masikitiko, akachukua fomu zake akahamia namba nne.

Akaenda kwa mkuu kujiondoa kwenye yale mazungumzo. "Mkuu, mimi sikuwa nalia. Yalikuwa ni macho." Mkuu akasema picha ameshaitia fremu, kwa hiyo itabaki ukutani, na kama hana huruma ya kufundisha basi awafundishe wenzake kupepesa. Hivyo ndivyo Bwana Huruma alivyorudi kuwa Jiwe, tena Jiwe lenye miwani.

Wiki ilipotimia mjane alikuja mapema, saa tatu asubuhi, foleni bado fupi. Cheti kilikuwa tayari. Jiwe alikuwa amekisoma mara sita. Akampa kwa mikono miwili.

"Mama, kuna neno nataka kukwambia."

"Sema, mwanangu."

"Siku ile ya kwanza, yale machozi. Sikuwa namlilia mzee wako. Ilikuwa kompyuta, macho yangu yalikuwa mabovu. Ningekwambia palepale, nikaona haya. Baadaye nikaona raha. Nisamehe."

Mjane alikuwa anasoma tarehe, kidole kimetulia juu ya tatu. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Mume wangu amechomelea mageti miaka thelathini na moja. Kila jioni anarudi macho mekundu, yanamwagika. Nani atanidanganya mimi kwa machozi ya kazi?"

Jiwe alitazama kompyuta. Kazi ya marehemu: fundi wa kuchomelea. Alikuwa ameichapa mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa maneno ya kujazia nafasi tu.

"Sasa mama, kama ulijua, mbona ulinifuta?"

Mjane akakikunja cheti, akakitia mkobani, akafunga zipu. Akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuwahi kujiuliza.

"Mkono ulikuwa umezoea," alisema. "Haya, baki salama, mwanangu."

Akaenda zake. Jiwe alitaka kuita, "Anayefuata!" Badala yake alimkumbuka mama yake, ambaye hata baada ya yeye kuoa na kuzaa alikuwa akimkuta na uchafu usoni anamfuta mbele za watu, kwa nguvu, kama anayefuta meza, wala haombi ruhusa. Vile viti alivyohesabu siku ile ya mazishi vilikuwa sitini na viwili. Hajaisahau hesabu hiyo mpaka leo. Miwani ikaingia ukungu. Akaivua, akaiweka juu ya meza.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, feni imezimwa, mwanga uko pembeni unakotakiwa kuwa.

Mama Mihuri, bila kugeuza shingo, alivuta droo ya jirani yake, akatoa kichupa cha matone, akakisukuma kwenye meza mpaka kikafika mbele yake.

"Macho tena?"

"Macho," alisema Jiwe, akakipokea.