Radhi Waliyoifuata Kabla ya Fainali

Wapo wanaoniambia nisamehe, yameshapita. Hao hawajavunjwa mguu na kamati.

Nilikuwa mlinzi wa geti katika chuo kidogo cha amali, nje kidogo ya Wete. Skuli niliiacha darasa la tano, lakini golini nikiaminiwa. Mashindano ya vyuo yaliruhusu kila timu ichezeshe mfanyakazi mmoja, nikawa mimi. Msimu ule tulitoka kwenye makundi bila kufungwa mechi, tukaingia mtoano, tukafika nusu fainali.

Timu yetu ilikuwa na kamati ya ufundi. Asiyeijua asidhani ina fundi; ni watu wanaoizungukia timu kwa waganga. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu wa useremala. Yeye ndiye aliyetuweka kambini darasani, kwa mwiko kwamba asilale mtu na mkewe. Nikalala mkeka mmoja na nahodha mpaka alfajiri.

Tulipofika uwanjani mwalimu akasema mlangoni kumezikwa vitu, tupande ukuta. Nikamwambia ukuta mrefu na upande wa pili mawe matupu. Akanijibu kazi yangu kudaka, ya kufikiri ina wenyewe. Nikaruka. Kifundo cha mguu kikalia kama kuni kavu. Golini akasimamishwa beki, tukapigwa matatu.

Jioni ile, mimi nimefungwa vijiti mguuni, mwalimu akawatangazia watu barazani kuwa uganga ulikuwa mzima, ila golikipa alitoroka kambini akaenda kwa mkewe. Nahodha alikuwepo. Aliinamisha macho, hakusema neno.

Mguu uliunga kombo, nikauzoea. Lakini mke wangu alikwenda harusini, mwanamke mmoja akamuuliza mbele ya wenzake, "Bi harusi wetu, timu bado umeifungia chumbani?" Wakacheka. Tangu siku hiyo haendi harusi ya mtu.

Mwaka huu chuo kikafika fainali. Siku mbili kabla ya mechi nikawaona mwalimu na nahodha, ambaye sasa anafundisha pale pale, wanaingia uani kwangu na halua. Mganga wao kawaambia kuna mtu ana dukuduku na timu, bila radhi yake mpira hauingii golini.

"Shehe wangu," mwalimu akaniambia, yeye aliyezoea kuniita We Geti, "tumekuja kwa adabu. Tupe radhi."

Nikamwambia radhi ipo, aje aichukue uwanjani. Ashike kipaza sauti, aseme kuwa sikutoka kambini. Akasema nataka kumvua nguo mbele ya wanafunzi wake. Nikamuuliza mke wangu yeye alivuliwa mbele ya nani. Nahodha akainama vile vile. Halua wakarudi nayo.

Mimi siamini uganga. Wao wanauamini, na hilo lilinitosha. Siku ya fainali nilikwenda na mkongojo wangu nikakaa nyuma ya goli waliloshambulia, wanione vizuri. Habari kwamba radhi sijaitoa walishaipata wachezaji wote. Mshambuliaji wao alipewa penalti, akanitazama mimi kabla hajautazama mpira, akapaisha. Wallahi sijapata kula kitu kitamu kama kile.

Mapumziko wameshafungwa mawili. Mwalimu akaenda mwenyewe kwenye kipaza sauti, jasho linamtoka, akasema golikipa wa msimu ule alilala kambini, aliyesema vingine alisema uongo. Hakusema aliyesema ni nani. Akanijia. Nikampa radhi yake, nusu kama alivyosema nusu. Kipindi cha pili wakafungwa la tatu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akipepeta mchele. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Wanawake walikuwepo?"

Nikamwambia wachache, tena wageni.

"Basi hawajasikia," akasema, akaendelea kupepeta.

Ndiyo maana nimeandika haya. Aliyesema uongo ni mwalimu wa useremala, na aliyeujua akanyamaza ni nahodha. Kila mwenye harusi wilaya hii na asomewe.