Mtaa wa Bondeni Uliojengwa London

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, nilipompitia mama yangu kwake Tooting, hapa London, nikamwambia avae koti, nampeleka Mombasa.

Alicheka. Alikuwa amekaa kitandani anachana nywele, miguu imemvimba kama ilivyokuwa ikimvimba kila baridi ikizidi. Daktari alikuwa amekwisha mwambia asahau habari ya kupanda ndege.

"Mombasa kwa gari?" akaniuliza.

"Kwa gari, Mama. Chakula cha mchana utakula huko."

Akanitazama vile mama anavyomtazama mwanawe anayemjua vizuri. Kisha akanyanyuka polepole kwenda kulitafuta koti lake.

Nakueleza haya, Sakina, kwa sababu wiki ijayo unaondoka kwenda California kusomea filamu. Wewe ni mjukuu wa dada yangu, lakini nimekulea nusu na mama yako, ndiyo maana nakuita mwanangu. Kiswahili unakisikia vizuri hata kama unanijibu kwa Kiingereza. Basi leo usinijibu, nisikilize tu. Habari za kamera na taa utafundishwa na watu wanaozijua kuliko mimi nilivyozijua. Mimi nina jambo moja, na nililipata kwa mama yangu siku ile.

Sisi ni watu wa Bondeni, Mombasa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, akashona mpaka alipokufa. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu kutoka India, na tukivuka kizingiti tu tukaingia kwenye Kiswahili. Mama alikuwa na ugonjwa mmoja, sinema. Siku hizo thieta za Mombasa zilikuwa na siku yao wanawake, wanaume hawaingii, na watoto wadogo tulichukuliwa mapajani. Mimi nimeiona sinema kwa mara ya kwanza katikati ya mabuibui, huku akina mama wanalia, wanamtukana mkwe mbaya kwenye kioo, wanapitishiana njugu. Nilidhani kulia ni sehemu ya tiketi.

Lakini raha yenyewe ilikuwa tukirudi. Majirani wasiojaliwa kwenda walikuwa wanamngoja Mama barazani, naye anaanza kuwasimulia filamu yote, tangu mwanzo. Anacheza mama mkwe, anacheza polisi, anaimba. Pale mwisho ulipokuwa haukumpendeza, aliubadilisha palepale bila haya. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Fatuma, alikuwa hajawahi kuingia thieta maisha yake, na alizijua filamu nyingi kuliko waliozilipia. Kazi yangu yote niliyoifanya baadaye nilianza kujifunza pale, ingawa sikujua kama najifunza.

Kisha ukaja mwaka ule ambao Wahindi wa Kenya walikuwa wakigombea viti vya ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa. Sisi pasipoti zetu zilikuwa za Uingereza. Tukaondoka mimi, Mama na bibi yako, kwa haraka kama watu waliosikia moto. Tukafikia mtaa wa Southall kwa Mpanjabi mmoja wa Nairobi aliyetupa chumba, baadaye tukahamia Tooting. Mama akapata kazi ya kushona mapazia. Mimi nikapata kazi kwenye maabara ya kusafisha filamu, na hapo nikahamia chumba cha kuhariri, kazi ya kukata filamu na kuiunga. Mhariri mmoja wa Kimarekani aliyekuja kufanya kazi London alinipenda kwa sababu sikuwa nachoka. Aliporudi kwao akaniita.

Nilimwuliza Mama. Akasema, "Nenda. Lakini uwe unarudi."

Los Angeles nilikata filamu za wengine kwa miaka. Siku moja mwongozaji mmoja aligombana na wakubwa akaondoka kazi ikiwa katikati. Wakakosa mtu, wakaniambia nijaribu. Ile filamu ikapendwa. Wakanipa nyingine, ikapendwa zaidi. Zilikuwa filamu za polisi na wezi, magari yanakimbizana mpaka yanalipuka. Kisha nikawa mtayarishaji pia, yaani mimi ndiye ninayechagua kisimuliwe nini na nani asimulie. Nilipata nyumba yenye michungwa. Nilimwomba Mama aje tukae wote, akaja mara moja, akakaa kidogo, akasema hapa mtu hawezi kutembea kwenda kununua kitunguu. Akarudi Tooting.

Kila filamu yangu aliiona, anakwenda na shoga yake kwa basi. Jumapili nikimpigia simu ananipa maoni yake.

"Magari yamevunjika mengi," atasema. "Halafu huyo kijana wa bunduki, yeye hana mama?"

Nitacheka. Naye baada ya kicheko ataniuliza swali lake: "Sisi Mombasa tutakwenda lini, Karim?"

"Nikimaliza hii, Mama."

Mwanangu, nilikuwa nasema kweli kila mara. Hapo ndipo ulipo ugumu wake. Mtu mwongo angejijua. Mimi nilikuwa na nia, na nia ile ilinifanya nijione mtoto mwema mwaka hata mwaka, mpaka miguu yake ikaanza kuvimba na daktari akamkataza ndege.

Nilipoambiwa habari ile nilikaa kwenye gari nje ya studio nikashindwa kuteremka. Halafu nikapata wazo. Kwa muda mrefu nilikuwa nataka kutengeneza filamu ya mtaa wetu, na wakubwa walikuwa wamekubali, ila waliona Mombasa ni mbali, afadhali tujenge mtaa ndani ya studio nje kidogo ya London. Nilikuwa nimenuna kwa hilo. Sasa nikafurahi. Nikasema, kama Mama hawezi kwenda Bondeni, Bondeni itamjia.

Nilisimama juu ya vichwa vya mafundi seremala kama msimamizi wa bandari. Nilitaka rangi ileile ya mlango, kijani iliyopauka upande wa jua. Nilitaka ufa wa ngazi ya pili, baraza la saruji, kiti cha kinyozi, na lile bomba la maji lililokuwa linakohoa kabla ya kutoa maji. Niliyakumbuka yote. Watu wa studio walinishangaa. Na mimi mwenyewe nilijishangaa.

Basi asubuhi hiyo nikamwingiza Mama mkono kwa mkono. Taa zilikuwa zimewashwa, kali na za manjano kama jua la saa tisa. Akasimama. Kisha akauachia mkono wangu, nami nikasema moyoni, nimeweza.

Akaenda ukutani akaupapasa. "Mbao," akasema. Akaenda kwenye mlango wetu, akapita kidole kwenye ile rangi, akausukuma. Nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nguzo za kushikilia ukuta, nyaya zimesambaa chini, na fundi mmoja wa umeme amekaa kwenye ndoo anakula mkate. Yule bwana akasema samahani. Mama akamwambia kwa Kiingereza chake, ale tu, asijali, kisha akaurudisha mlango taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha.

Barazani kulikuwa na wanawake waliovaa leso. Tulikuwa tumewatafuta London kwa ajili ya kupita na kukaa nyuma ya waigizaji, watu wa Unguja, Pemba na pwani ya Kenya. Mmoja, binti wa Kipemba anayeuguza wazee, akanyanyuka mwenyewe bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi weye?"

"Wete, bibi. Lakini nakaa Peckham."

"Wete!" Mama akakaa. Na alipokaa, hakunyanyuka. Walianza na ukoo, wakaingia kwenye bei ya mihogo sokoni, wakaja kwenye miguu, dawa yake nini. Wanawake wengine wakasogea. Msaidizi wangu akanijia mara ya kwanza, akanijia mara ya pili, akaninong'oneza kwamba waigizaji wako tayari na taa zinawaka bure. Nikaenda kumnyanyua Mama kwa upole, nikamwambia nimemwekea kiti kizuri nyuma ya kamera, aone.

"Kaa hapa," akasema.

"Mama, watu wanangoja."

"Kaa, Karim."

Nikakaa. Wale wanawake wakajitenga kwa adabu. Mama akaniuliza bila kupandisha sauti, "Huu ufa wa ngazi umeukumbuka wewe?"

"Mimi."

"Na hili bomba?"

"Ndiyo, Mama."

"Mashaallah. Una kumbukumbu nzuri sana ya nyumba." Akanigeukia. "Sasa niambie. Mimi siku hizi nakula nini usiku?"

Sikujua.

"Shoga yangu ninayekwenda naye kuangalia filamu zako, jina lake nani?"

Miaka yote alikuwa anasema "shoga yangu," nami sikuuliza hata siku moja anaitwaje.

"Anaitwa Salma," Mama akasema. "Alikimbia Unguja na watoto watatu. Ndiye aliyenipeleka hospitali miguu ilipoanza. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na filamu." Alinishika goti. "Unadhani nilikuwa nakusumbua kwa Mombasa nikaone kuta? Mama Fatuma amekufa. Nilimwahidi nitarudi tule Idi, sikurudi, amekufa. Nani mwingine ananingoja kule? Mimi nilikuwa nakutaka wewe. Nilisema tukienda Mombasa nitakuwa na wewe ndani ya ndege saa zote zile, na nyumba moja wiki nzima, huna pa kukimbilia. Nikuangalie ukilala. Nijue kama bado unakoroma kama baba yako."

Nikamwambia, "Nilitaka nikupe kitu, Mama."

"Umenipa. Kizuri. Nimekiona." Akageuza uso. "Sasa waambie watu wako wakale, na wewe ukae hapa na mimi."

Nikamwita msaidizi nikamwambia siku imekwisha. Alidhani hakunisikia vizuri, nikarudia. Wakazima zile taa za jua, zikabaki taa za kawaida za ghala, na ule mtaa ukaonekana ulivyo, mbao na rangi. Wanawake wa barazani wakaleta vyakula vyao walivyokuja navyo kutoka majumbani, tukala pamoja. Mama akawasimulia filamu moja ya zamani kutoka mwanzo hadi mwisho, na mimi niliketi karibu naye, bega kwa bega, na nilikuwa na hamu kubwa mno na mtu huyu aliyekuwa ubavuni pangu.

Nilipomaliza kupiga picha, Los Angeles kulikuwa na filamu kubwa inaningoja, kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikawaambia wampe mwingine. Walidhani naumwa. Hiyo filamu ilikuja kumpa jina mwongozaji mwingine, na sitakudanganya kwamba haikuniuma; iliniuma mara nyingi, hasa nilipoona picha zake zimebandikwa kwenye mabasi ya hapa Tooting. Lakini nilikuwa nimehamia kwa Mama, nalala kwenye kochi, nahariri filamu yangu mchana, na jioni nampaka mafuta miguuni. Nikajua kwamba usiku anakula mkate na chai ya tangawizi tu. Nikamjua Bi Salma, ambaye hakunipenda mwanzoni, na alikuwa na haki. Nikajua Mama anazungumza usingizini, kwa Kikachi.

Filamu ilipotoka waliisifu sana kwa ule mtaa. Mama aliiona, akarudi akawasimulia majirani, na mwisho wake aliubadilisha.

Tulikaa hivyo miaka michache. Kisha akafa, mwanzo wa majira ya joto, nikiwepo. Baadaye nilikwenda Mombasa peke yangu. Bondeni iko, na ndani yake wako watu wengine wanaoishi maisha yao, walinikaribisha vizuri, wakanipa maji. Nilisimama mbele ya nyumba yetu nikaona nageuka kila mara kumwuliza Mama, hapa palikuwa na nini? Sikulia kwa ajili ya nyumba. Na mpaka leo, mwanangu, nikisikia kandambili za mtu zinaburuzwa kwenye ukumbi wa jengo letu, kama Mama alivyokuwa akiziburuza zake, nanyanyuka kwenye kiti kabla sijafikiri.

Basi sikusihi usiende. Nenda, ufanye kazi kwa bidii, kazi hii ni tamu na mimi singejua kufanya nyingine. Nakusihi hili tu: mtu wako akiwa na hamu ya kukuona, mpelekee nafsi yako. Usimpelekee zawadi, wala picha, wala ahadi ya baada ya kazi hii, ukadhani umekwenda. Mama yako akikuuliza utarudi lini, usisikie jina la mji. Sikia kwamba anakuuliza habari yako wewe. Muulize na yeye amekula nini, na ungoje ajibu. Mjue shoga yake kwa jina. Na ukifika wakati wa kuchagua kati ya filamu kubwa na mtu aliye hai, kumbuka kwamba filamu watampa mwingine, naye ataifanya vizuri tu.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, mwanangu Sakina. Akupe kazi unayoipenda na watu wa kula nao baada ya kazi. Akufungulie kila njia ya kwenda, na ile ya kurudi asikufungie kamwe.